Mtoto wa Mstari wa Saba

Daftari la wakazi lilikuwa na umri wa miaka sitini, lakini ukurasa ule ulikuwa na unyevu. Mshonaji alijipangusa kidole kwenye gauni na kuendelea kusoma. Alikuwa mwanamke wa kichwa kigumu, na hakuiacha cherehani yake asubuhi nzima kuja kutafuta ukoo wake ili arudi mikono mitupu.

"Wino mweusi ni wa siku ya kuhesabu watu," mtunza nyaraka alimweleza. "Mwekundu uliongezwa baadaye: huyu kafa, yule kaolewa. Kila makarani walipopita tena, waliandika umri mpya pembeni. Na hapa hatufuti, mama. Tunakata kwa mstari mmoja, aliyekatwa abaki akisomeka."

Kaya ya babu yake ilikuwa na watu saba. Sita walikuwa na majina, na umri wao ulipanda mwaka hadi mwaka, isipokuwa mvulana mmoja aliyeandikiwa "kafa" kwa wino mwekundu. Wa saba aliandikwa tu "mtoto wa kike, miaka minane". Pembeni, kwa miandiko mitatu tofauti: minane, minane, minane. Kisha mstari mwekundu na maneno: "Si wetu. Asihesabiwe." Chini yake babu alikuwa ameweka dole gumba.

Damu ilimchemka. Makarani wavivu, na babu kamkana mtoto! Naye alikuwa na binti wa umri huohuo nyumbani.

"Naweza kumrudisha?"

"Mwenye damu ya kaya anaweza. Ila muulize mama yako kwanza."

Hakuuliza. Aliandika "Arudishwe kwao", akatia saini na kwenda zake akijiona shujaa.

Alifika nyumbani saa saba, jua likiwaka. Chumbani binti yake alikuwa akicheka, na kila alipocheka, kicheko kingine kilifuata nyuma yake, kilekile, kimechelewa kidogo. Ukumbi ulinuka karatasi iliyooza kwa maji, na kadiri mshonaji alivyousogelea mlango ndivyo harufu ilivyozidi kumkaba, ikamwingia puani na kooni, mpaka akawa anapumua kwa mdomo huku mkono wake ukiwa juu ya kitasa, naye akitamani kukimbia na hawezi, kwa kuwa aliyekuwa ndani ni mwanawe. Akafungua. Binti alikuwa peke yake sakafuni, midomo imepauka, mwili baridi.

"Mama," alinong'ona, "kuna mtoto anasema hapa ni kwao."

Huko jikoni sufuria ilianguka. Mama yake mshonaji alitokea mlangoni, macho yamemtoka.

"Umemrudisha?"

"Mama, ni nani yule?"

"Shusha sauti! Alikuja mchana kama huu, karani akituhesabu. Akakaa mkekani kati yetu, karani akamwandika. Jini akishahesabiwa na watu hatoki, mwanangu. Kaka yangu alikonda hadi akafa. Mganga akasema dawa ni moja tu, akatwe palepale alipoandikwa. Kimbia!"

Alikimbia mbio za kufa na kupona. Mtunza nyaraka alikuwa anafunga dirisha. Daftari likafunguliwa, na kweli, wino mwekundu wa mstari wa saba ulikuwa umetoweka wote.

"Soma kwanza ndipo ukate, mama."

"Nimeshasoma, baba, nipe kalamu! Mwanangu anakufa!"

Akakata, akatia saini na tarehe. Ukurasa ukakauka chini ya kiganja chake, naye akacheka huku machozi yakimtoka.

Nyumbani harufu ilikuwa imekwisha. Mama yake alikuwa ameketi akichambua mchele, ametulia kabisa. Mshonaji alipita moja kwa moja hadi chumbani. Palikuwa pamejaa vitambaa vyake vya kushona, hapana kitanda cha mtoto, hapana kiatu. Hapo ndipo alipokumbuka kuwa mstari alioukata haukuwa na jina. Ulisema mtoto wa kike, miaka minane, basi.

"Mama," aliita, sauti ikimkatika. "Mtoto yuko wapi?"

Mama yake aliacha mchele, akamtazama kwa huruma.

"Mtoto gani tena, mwanangu? Wewe si hukujaliwa kuzaa?"