Binti wa Fito Mbichi

Jumatatu ya pili ya Machi, sanamu ya mtoto iliyosimama kwenye bustani ya akina Lockyer, mabondeni Somerset, ilichipua majani.

Clive Lockyer aliyaona akiwa na kikombe cha chai mkononi. Mkewe, Rowena, alikuwa msukaji wa sanamu za bustani: sungura, kulungu, mabata bukini, zote za fito za wilo, mti wa kandokando ya maji. Fito zake zilikaushwa kwanza, kisha zikarowekwa zilainike. Zikishakauka hazichipui tena.

"Hii umesukia fito mbichi," alisema.

"Nilizikata mtaroni."

Hakuuliza mtaro upi. Tamsin, binti yao, alizama humo wakati wa mafuriko ya Januari.

"Wewe ndiye huwafokea wanafunzi wako kwa hili, Rowena. Fito mbichi ni za ua na vibanda. Mtu hasukwi kwa wilo hai, atatembea."

"Hayo waambie wateja. Huyu hauzwi."

Siku zilizofuata jikoni kulinuka tope la mtaro. Sanamu, iliyosukwa ikitazama barabara, ikawa inatazama mlango. Rowena aliimwagilia maji, akaongea nayo akianika nguo, akacheka. Jioni alikohoa, na kilichotoka kilikuwa maji.

Alhamisi Clive alikuwa akifunga banda la kuku aliposikia fito zikilia kama kikapu kinachokaliwa, akadhani ni upepo, ila nguo kwenye kamba zilikuwa zimetulia, na mlio ukasogea nyuma yake polepole juu ya majani mabichi, na harufu ya tope ikamfika puani kabla ya sauti, ile sauti aliyoizika kwa mikono yake, ikisema chini chini:

"Baba, miguu inapata baridi."

Alimpigia simu shangazi yake, Verity, aliyejulikana kijijini kwa kuponya chunjua kwa maneno. Verity alifika asubuhi iliyofuata.

"Nimekuita tunywe chai tu, Shangazi."

"Muongo. Chai yako hainyweki." Alisimama mlangoni akiitazama sanamu, hakukanyaga majani ya bustani. Akashusha sauti. "Hicho si mtoto. Kitu cha mtaroni kimeona umbo tupu, kimeliingia. Aliyekisuka akifumue mwenyewe, na akikane."

"Asipoweza?"

"Kitamchukua."

Rowena alikubali. Alifumua nywele za sanamu, akafumua mikono.

"Mama, unaniumiza," ilisema sanamu.

Vidole vya Rowena vikakwama kwenye uso.

"Sema si wako," Verity alinong'ona. "Sema, mwanangu."

"Ni wangu."

"Rowena!"

"Ni wangu, Shangazi. Mnataka niseme nini?"

Clive akachukua sepetu. Alipiga magoti mbele ya uso ule, wenye kidevu cha Tamsin, na kwa kuwa mkewe hakuweza, akasema yeye: "Wewe si mtoto wangu."

"Sawa, baba."

Aliing'oa na mizizi yake, akaichoma nyuma ya banda. Verity alitazama moto hadi ukazimika. Jioni ile harufu ya tope ilikuwa imeisha jikoni.

"Hata hakubisha," Rowena alisema mezani. "Ulimwona? Ulimwambia, akakuamini."

Clive akaondoa sahani.

Jumapili kulipokucha, kitanda upande wa Rowena kilikuwa kimelowa. Clive alimkuta bustanini, peku, amesimama kwenye shimo la sanamu, udongo umemfika vifundoni, anatazama mlango. Alimwita. Akamshika kiuno, akamvuta kwa nguvu zake zote.

Hakung'oka.