Mke wa Jikoni, Mke wa Mlangoni

Jua lilikuwa linazama mke wa fundi majokofu alipobeba beseni kwenda kuanua nguo juu ya paa la ghorofa.

"Anza hiyo sinema yako, Bwana Mizimu," alisema akiwa mlangoni. "Tena ukinipenda, iishe kabla sijarudi."

"Utakosa uhondo."

"Uhondo gani? Wote wanakufa, wewe unalala fofofo, na mimi nabaki kukodolea dari."

Fundi alicheka. Kwa sinema alikuwa mchaguzi kama mgonjwa mbele ya sahani. Damu na meno marefu hakuvitaka. Aliona ni kazi ya watu waliokosa la kusimulia. Tamthilia za kutisha zenye misimu minane alizikimbia, kwani hofu ikivutwa sana hulegea kama mpira wa sketi kuukuu. Alipenda kitu kimoja tu: jambo baya linalokuja na sauti ya mtu wako, likakuomba kwa upole ulifungulie. Hapo husimama na kuwagombeza waigizaji, "Mjinga wewe, usifungue!" Mkewe, aliyejifunika shuka hadi utosini, huuliza, "Ameshakufa?"

Sinema ikaanza. Baada ya muda akasikia bomba la jikoni likitiririka, birika likiwekwa motoni, kikohozi kidogo.

"Umerudi?"

"Mm."

Akatulia. Kisha...

Ngo. Ngo. Ngo.

"Bwana Mizimu, nifungulie." Sauti ya mkewe. Nje. "Mikono imejaa nguo."

Fundi akaganda. Jikoni, vikombe viligongana.

"Fungua, mume wangu," alinong'ona wa nje. "Kuna mtu kwenye ngazi... ananifuata. Anatembea kama mimi."

Kichwa chake kilikuwa na hakika. Kwa miaka ishirini alikuwa ameitazama hali hii akiwa kwenye kochi. Anayeomba kuingia siye. Wako yuko ndani.

Akanyoosha mkono kwenye komeo... akakomea hadi mwisho.

"Usinifanyie mzaha. Tafadhali. Amefi..."

Sauti ikakatika hapo.

Ndipo harufu ikamfikia, ikipenya chini ya mlango. Sabuni, na nguo zilizopigwa jua. Na jikoni birika lilikuwa linachemka muda wote huo, wala halikunukia chai. Halikunukia chochote.

Akafungua kwa pupa. Korido tupu. Akapanda ngazi mbio hadi juu ya paa.

Kamba tupu.

Aliporudi, mkewe alikuwa kwenye kochi. Nguo zilikuwa kando yake, zimekunjwa vizuri. Aliitazama sinema kwa macho makavu, bila kupepesa.

"Wewe ni nani?" fundi alinong'ona.

Alimgeukia kwa huruma, kama anayemliwaza mgonjwa.

"Mimi ndiye uliyemchagua. Kaa. Ndiyo kwanza panakuwa patamu."

Huu sasa ni mwezi wa nne. Hakuna aliyepotea. Mama mkwe hupiga simu kushukuru: "Mkwe wangu, umemfanya nini binti yangu? Siku hizi hata sauti hapandishi." Majirani wanamsifu. Siku waliyokutana mkewe anaikumbuka, mpaka rangi ya shati alilovaa fundi. Na kweli watu hubadilika, hata katika wanachopenda kutazama. Fundi hujiambia hivyo kila asubuhi akielekea karakana. Pengine jioni ile alifanya sawasawa. Pengine cha nje kilikuwa cha nje.

Jioni hushindwa kujiambia. Hurudi, hukaa pembeni yake, kioo cha televisheni kikiwamulika nyuso. Sinemani mtu anagonga, analia afunguliwe, na mkewe anacheka... kicheko kidogo, cha mtu anayekumbuka.

Fundi angetaka kumlilia mkewe. Lakini utamliliaje mtu aliyekushika mkono, na mkono wenyewe una joto?