Kila Ijumaa Javan Akifika, Dada Yangu Anaanza Kutetemeka

Kikombe kilimponyoka dada yangu, chai ya moto ikamwagikia tumbo lake la miezi mitano, na mume wake akacheka.

Nawaambia alicheka!

Si kicheko kikubwa. Kale ka puani, ka mtu aliyeona kitu alichokuwa akikingoja.

"Mikono ya mwenye mimba," Javan akasema. "Hata kijiko haishiki."

Nilimwangalia dada yangu Lynnet akiokota vipande vya kikombe sakafuni. Vidole vilikuwa vinacheza kama vya bibi wa miaka tisini. Lynnet ana miaka ishirini na sita.

Hapo hapo nikaamua moyoni... huyu mwanaume anamuua.

Sasa tulieni niwapange.

Wengi mnanijua kwa kelele zangu humu. Mimi ndiye Willis wa Osiri, Migori. Shule niliachia darasa la saba nikaingia mashimo ya dhahabu, na chochote ninachojua cha sheria au afya nimekisoma kwa simu nikiwa nimekalia gunia la mawe.

Na mimi sisahau.

Namkumbuka mheshimiwa aliyekuja siku shimo lilipofunika watu wetu, akavaa helmeti ya marehemu kupiga picha, akaondoka nayo. Namkumbuka mwenye mashine aliyewaambia akina mama zebaki ni dawa tu, waikoroge kwa mikono mitupu. Majina yao ninayo. Tarehe ninazo. Wakifa nitayasoma matangani.

Zebaki, kwa msiojua, ni yale maji mazito ya rangi ya fedha. Yanachanganywa na matope, yananasa chembe za dhahabu, unapata donge. Halafu donge linachomwa. Zebaki inapanda na moshi, dhahabu inabaki.

Kazi ya Javan ni hiyo ya kuchoma. Jumatatu mpaka Ijumaa yuko Osiri kwa banda lake. Ijumaa jioni anarudi Homa Bay, ambako amempangishia dada yangu nyumba karibu na ziwa.

Lynnet alikuwa na saluni, ikafungwa. Kwa hivyo wikendi wageni wanakuja kuvuta shisha pale sebuleni kwa malipo.

Ndiyo, shisha ilipigwa marufuku. Najua. Ndiyo maana walikuwa wanafunga kila dirisha na kuziba chini ya mlango kwa taulo, kwa sababu jirani wao ni askari na harufu haina adabu.

Lynnet mwenyewe hajawahi kuvuta. Yeye alikuwa anawasha makaa huko jikoni, anayapuliza mpaka yawe mekundu, anayaleta kwa koleo. Basi.

Sasa niambieni... wavutaji wanaenda nyumbani salama, wakilalamika kichwa kidogo tu, halafu asiyevuta ndiye anaugua?

Nilianza kumfuatilia dada yangu kama askari.

Jumatano nikimpigia simu yuko sawa, ananichambua vile sijaoa. Jumamosi hawezi kupitisha uzi kwa sindano. Jumapili analia bila sababu, usingizi hakuna. Jumatatu anatema mate kila dakika, anasema mdomo una ladha ya sarafu.

Jumatano tena, afadhali.

Nikahesabu wiki saba. Wiki zote saba ni vile vile.

Javan akija, anaugua. Javan akienda, anapona.

Mama yetu anaishi Rongo, na yeye alikuwa na jibu lake. Alisema ni chira, laana ya kuvunja mila, kwamba hao wawili waliingia kwa nyumba kabla mambo ya mahari kumalizika, na sasa mtoto tumboni ndiye analipa. Alitaka watafutiwe manyasi, dawa ya mitishamba ya kuondoa chira, wanywe.

Nikamwambia, "Mama, chira haifuati ratiba ya wikendi."

Akanijibu kwamba hata kusoma sana ni ugonjwa.

Halafu siku moja simu ya Javan ikalia akiwa bafuni, nikaona jina. Valary, Rongo. Nilipomuuliza, alisema ni mteja wa dhahabu. Alisema akiwa ameficha mikono yote miwili mfukoni, hanitazami usoni.

Mwanaume wa kweli anaficha mikono ya nini?

Nikamvuta Lynnet kando nikamsihi asile chochote kilichopikwa na mume wake.

"Omera, ndugu yangu," akaniambia, "Javan hajui hata kuchemsha yai. Mimi ndio napika. Mbona unapenda vita hivi?"

Sikusikia. Mtu kama mimi akishashika jambo, masikio yanafungwa yenyewe.

Jumanne iliyofuata nikaandika. Mliisoma wengi wenu, msijifanye. "Shemeji Anamuua Dada Yangu Polepole." Nikaweka picha ya Javan, nikaweka mahali banda lake lilipo.

Kufikia saa nane mchana vijana wa Osiri walikuwa wamelibomoa hilo banda. Walimpasua Javan kichwa kwa mpini wa sepetu. Aliokolewa na Robi, mama mmoja Mkuria anayeuza uji pale, aliyemlalia juu na kuwaambia wampige yeye kwanza.

Nilikuwepo. Nilisimama ng'ambo ya barabara na simu, narekodi.

Nilijisikia vizuri. Sitawadanganya.

Nikaenda Homa Bay, nikambeba Lynnet mpaka Rongo kwa Mama. Wiki ya kwanza alikula kwa kijiko cha mtoto. Wiki ya pili mate yakapungua. Wiki ya tatu akashona kitufe cha blauzi yake mwenyewe, mbele yangu.

Nikaandika tena. "Mmeona? Bila Javan, dada amepona."

Mkanipigia makofi. Kuna aliyeandika kwamba nigombee kiti.

Lakini Lynnet alikataa kupumzika mpaka ajue mtoto yuko salama. Ndiyo tukarudi Homa Bay kwa daktari mmoja wa kiliniki, mwanamke mpole anaitwa Kezia. Hakucheka, hakushtuka. Aliuliza maswali mengi, halafu akauliza moja la mwisho: nyumbani kuna mtu wa dhahabu?

Nikaruka kabla Lynnet hajafungua mdomo. Nikasema yuko, na ndiye anayempa sumu.

Kezia akachukua mkojo wa Lynnet, akautuma kupimwa mbali. Alimtaka na mume pia. Nilikataa, Lynnet akampigia Javan mwenyewe, akiwa amenipa mgongo.

Majibu yalichukua siku kumi na moja.

Tuliporudi, Javan alikuwa ameketi kwa benchi ya kiliniki, bandeji kichwani. Mara ya kwanza nikaona mikono yake nje ya mfuko. Ilikuwa inatetemeka kushinda ya dada yangu.

Sikuelewa. Muuaji anatetemekea nini?

Kezia akatuita ndani wote watatu. Akasema majibu yamerudi na ni zebaki. Ya Lynnet iko juu. Ya Javan iko juu zaidi.

Nikasimama. Nikasema si niliwaambia, amekuwa akimwekea kwa chakula, na yeye mwenyewe ameshika mpaka ikamwingia!

"Keti, ndugu yangu," Kezia akasema. "Zebaki ya kumezwa, nyingi inapita tumboni na kutoka. Hii ilivutwa. Ni mvuke. Dada yako amekuwa akivuta mvuke wa zebaki ndani ya nyumba iliyofungwa, kila wiki."

Nikauliza avutie wapi, na donge linachomwa Osiri? Nyumbani Homa Bay hakuna dhahabu hata ya hereni.

Kezia akamgeukia Lynnet. Akamuuliza wikendi huwa anafanya nini ambacho siku zingine hafanyi.

Lynnet akafikiri.

"Nawasha makaa ya shisha," akasema. "Yale ya nazi ni magumu kushika moto. Nilikuwa natumia koili ya umeme, tokeni zinaisha. Nikajaribu gesi, nayo ikaisha haraka. Sasa natumia jiko la feni. Javan analeta Ijumaa."

Wasomaji wangu, jiko la feni nalijua. Ni kibakuli cha chuma kizito, kina matundu chini na ka-feni ka kuzungusha kwa mkono. Unaweka makaa, unazungusha, dakika tatu chuma chenyewe kinakuwa chekundu.

Ndilo jiko la kuchomea dhahabu.

Javan alikuwa anachoma madonge nalo Jumatatu mpaka Ijumaa, zebaki inaganda kwa chuma na kwa majivu. Ijumaa analitia kwa begi, analeta nyumbani. Dada yangu anapiga magoti juu yake, madirisha yamefungwa, tumbo limejaa mtoto, anapuliza. Chuma kikishika moto, ile zebaki ya wiki nzima inaamka. Jumatatu jiko linarudi Osiri kuchukua nyingine.

Nilimgeukia Javan na ngumi tayari.

"Wewe unaijua zebaki. Ulileta hiyo kitu kwa nyumba ya mke wako kwa akili gani?"

Hakukasirika. Heri angekasirika.

"Si ni wewe ulisema moto unaimaliza," akasema. "Mimi sijasoma, shemeji. Wewe ndio unasomanga."

Nikacheka. Nikamuuliza niliyasema wapi.

Lynnet akatoa simu yake. Akanipa nisome mwenyewe.

Ilikuwa skrinshoti. Picha yangu juu, jina langu kando. Kichwa cha habari: "Njia za Bei Nafuu za Kuwasha Makaa ya Shisha Nyumbani, Bila Kutajirisha Kampuni ya Stima."

Mwaka jana, mwezi wa kumi. Nilikuwa na hasira kwa sababu tokeni zilikuwa zimepanda, na kuna kijana wa mjini alikuwa akitangaza mashine ya kuwashia makaa ya bei ya mbuzi. Nikaamua kumwonyesha kwamba sisi wa mashimo tuna akili zaidi. Niliandika nikingoja zamu, dakika kumi hivi.

Nikaandika hivi, neno kwa neno:

"Muombe ndugu yako mchoma dhahabu akuazime jiko la feni wikendi. Dakika tatu makaa mekundu, gharama sufuri. Usiogope zebaki, ikishachomwa imeisha, moto unamaliza kila kitu."

Hatukuwa tunadanganyana. Ndivyo Osiri yote inaamini. Tunaogopa zebaki ikiwa maji, tunawakemea akina mama wavae glavu, tunapiga kelele kuhusu mto. Lakini ikishapita kwa moto tunasema imeisha, kwa sababu hatuioni tena. Watu wanachemsha hata chai juu ya majiko hayo. Nami niliyasimamia hayo kwenye baraza, na kipaza sauti, watu wakipiga makofi.

Nakumbuka helmeti ya marehemu miaka yote hii. Hili langu nilikuwa nimelisahau.

Kezia aliniambia kwa upole kwamba moto hauimalizi, unaifanya iwe hewa. Na hewa hiyo inapita kwa mama inaingia kwa mtoto.

Nikamuuliza kuhusu mtoto. Alisema moyo unapiga. Zaidi ya hapo hakuna anayejua mpaka azaliwe, na pengine mpaka aanze kutembea na kuongea.

Tulitoka nje. Nikamuuliza Javan kuhusu Valary, sijui kwa nini, labda nilitaka abaki na kosa moja. Akaniambia ni mteja, anauza pete Rongo, na kwamba mikono alikuwa akiificha ili Lynnet asijue naye anaugua, asije akaogopa na mimba.

Na kicheko cha siku ile ya chai? Lynnet ndiye alinijibu. Javan akiogopa anacheka hivyo. Alicheka hivyo hivyo akimzika baba yake. Mke wake anajua. Mimi sikuuliza.

"Nyamera, dada yangu, nisamehe," nikamwambia Lynnet.

"Banda lake utajenga," akasema. "Na ile post ya makaa utaandika tena kutoka mwanzo, na jina lako. Mambo ya kusamehe tutaongea mtoto akizaliwa."

Kwa hivyo hii ndiyo hiyo post.

Jiko lililochoma dhahabu halifai kuwasha kitu kingine chochote nyumbani. Si makaa ya shisha, si chai, si mahindi. Kuliosha hakusaidii. Kama unalo, litoe nje, mbali na watu, na usiwahi kulipasha tena. Mwenye kutetemeka, mwenye mate mengi na ladha ya chuma mdomoni, aende hospitali aseme neno zebaki kwa sauti. Na shisha yenyewe siwaambii mvute. Lakini kwa sababu nawajua mtavuta, makaa yawashwe uani kwa jiko safi la kawaida, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu hata makaa masafi yanaua kimya kimya hewa ikikosa njia.

Na mkiona mtu mwenye sauti kubwa kama mimi anawaambia kitu kwa uhakika, muulizeni alijuaje. Mimi hakuna aliyeniuliza. Mlinipigia makofi.

Ile post ya mwaka jana nimeifuta. Lakini kabla ya kuifuta niliangalia imesambazwa mara ngapi.

Mara elfu moja mia nne na sita.

Nilipokuwa naandika haya leo asubuhi, ujumbe umeingia inbox. Mwanamke anaitwa Terry, yuko kisiwa cha Remba, simjui. Nauweka kama ulivyo:

"Kaka Willis habari. Asante sana kwa ile njia ya jiko la feni, imetusaidia mwaka mzima huku kisiwani. Mama mkwe ndio huwasha, ameshakuwa fundi. Swali tu kidogo, siku hizi anashindwa kufunga lesso, na mate mingi. Hiyo ni umri ama?"

Nimemjibu. Hajasoma.

Nimepiga mara tisa, simu haingii. Leo ni Ijumaa.

Mwenye mtu Remba, usiweke like hapa. Mpigie.