Nyuma ya Picha ya Roseline

Jumamosi asubuhi Gikomba haina adabu. Mikokoteni inapita juu ya vidole vya watu, wauza mitumba wamepanda juu ya meza wanaimba bei, na harufu ya samaki wa kukaanga inakufuata mpaka kwenu. Katikati ya vurugu hiyo Wanza Ndolo alikuwa amebeba picha iliyokaribia kumshinda kimo, picha ya mwanamke wa makamo mwenye miwani, ndani ya fremu ya mbao ambayo babake aliichonga shingo upande. Mwenyewe alivaa gauni la kitenge chekundu lililomkaa kiunoni, raba nyeupe, na hereni kubwa za shaba. Tusidanganyane: alipendeza, na alijua.

Pikapu yenye spika nne ikamzibia njia. Juu yake alisimama kijana mrefu, kofia ya kijani ya kampeni ya Kyule, shati jeupe lililofunguliwa vifungo viwili, maiki mkononi.

"Gikomba niaje! Kyule ndiye huyu! Hesabu imekwisha, tunangoja tu kumwapisha! Na wewe mrembo mwenye picha, huyo mama unampeleka wapi? Nyumbani akapumzike?"

Watu wakacheka. Wanza akaegemeza picha kwenye gurudumu la pikapu, akanyoosha mkono.

"Leta hiyo maiki."

Kijana, kwa ujinga au kwa heshima, akampa.

"Gikomba, mnaskia huyu? Sauti tamu, manze! Imebaki tu kichwa, hicho bado tunatafuta." Soko zima likapiga kelele. "Ni ukweli, Mama Roseline ako nyuma. Lakini mtu akiwa nyuma anawaona wote walio mbele. Anajua vile atawapita. Asanteni. Sasa songesha gari lako nipite."

Kijana akaruka chini. Alikuwa na mwanya, na mwanya huo ulikuwa ukitabasamu wenyewe.

"Naitwa Phares Ooko. Nipe namba yako."

"Ya nini?"

"Nikupigie siku nitakubali nimeshindwa."

"Basi utanipigia leo," Wanza akasema. Akamtajia namba.

Alimpigia jioni hiyo hiyo.

Ooko alizaliwa Kaloleni, mtoto wa fundi wa reli, na sauti yake ilikuwa imefungua harusi nusu ya Eastlands kabla watu wa Kyule hawajamkodi. Wanza alikuwa wa Shauri Moyo, jirani, waliokuwa wakipiga kura pamoja na Kaloleni. Babake, Mzee Ndolo, alichonga vinyago, naye Wanza akavipiga msasa na kuvitia rangi. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, hana mume, na mashangazi walishaacha hata kumuuliza. Walimtazama tu na kupumua kwa nguvu kila penye harusi. Kupumua huko kulimchoma kuliko matusi.

Chama cha Kyule na Roseline kilikuwa kidogo chenye makelele mengi, na kilikuwa kikitafuta mgombea wa urais. Hakikuwa na uwezo wa kuchapisha karatasi za kura, kwa hiyo kiliamua kura zipigwe kwa mlolongo. Kila wadi picha za wagombea zinawekwa, kila mwanachama anasimama nyuma ya picha ya mtu wake, wanahesabiwa mchana peupe. Anayetoka kwenye laini hesabu ikishaanza, kura yake imepotea. Wazee walinuna, maana walikumbuka enzi ambazo mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa mrefu. Sasa nchi nzima ilikuwa imemaliza isipokuwa wadi tatu za Nairobi. Kyule alikuwa mbele sana. Roseline Wafula angeweza bado kushinda, lakini kwa sharti moja: azichukue zote tatu. Kaloleni ndiyo ingetangulia. Akianguka Kaloleni, amekwisha.

Watu hawakumwelewa Wanza. Kyule ni Mkamba mwenzake, sasa yeye anampigia debe mama wa Bungoma? Lakini Wanza hakuwa amesahau asubuhi ile tingatinga lilipokuja kubomoa nyumba zao. Viongozi wote walizima simu. Roseline, wakati huo mkunga tu wa zahanati, alilala chini mbele ya lile jitu la chuma na sare yake nyeupe, akakataa kuamka mpaka amri ya mahakama ilipofika. Nyumba zikabaki. Mtu kama huyo humwachi kwa sababu redio imesema amechelewa.

Ooko yeye hakuwa na siasa. Alikuwa na sauti, na Kyule alikuwa na spika.

Mapenzi yao yakaota kwa ubishi. Jioni walikaa kwenye ngazi za jumba la mikutano la Kaloleni wakila mahindi ya kuchoma yaliyopakwa ndimu na pilipili.

"Nyar Ukambani, kubali tu yaishe," Ooko alimchokoza, akimwita binti wa Ukambani kwa Kijaluo. "Mama yako ako nyuma mpaka haonekani."

"Na wewe ulikuwa wapi miaka yote hii, si ulikuwa nyuma pia? Leo si uko hapa unakula mahindi yangu?"

"Kwani nimepita wangapi?"

"Usijisifu. Barabara ilikuwa tupu."

Ooko alicheka mpaka punje zikampalia. Wanza akampiga mgongoni, mkono ukabaki pale pale, na hakuna aliyeuondoa. Alimpenda. Hakuwa na haja ya kuzunguka jambo hilo, alimpenda, na kwa mara ya kwanza kupumua kwa mashangazi hakukumfikia masikioni.

Kisha ikaja mkesha wa mlolongo.

Jua lilikuwa bado halijatua. Wanza alikuwa kwenye bomba la maji pamoja na akina mama wa Kaloleni akiwakumbusha saa ya kufika, aliposikia sauti aipendayo ikikunja kona.

"Tangazo, tangazo! Wakaazi wa Kaloleni, Mheshimiwa Roseline Wafula amejitoa! Amemuunga mkono ndugu yake Kyule! Kesho ni sherehe tu, mwenye shughuli zake aendelee nazo!"

Mitungi ikatuliwa. Akina mama wakamtazama Wanza. Mmoja akafunga kanga yake vizuri, akasema basi kesho atakwenda kazini, akaondoka. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Wanza akampigia Roseline, simu haipatikani. Akapiga tena. Kisha akampigia Ooko.

"Babe, nimeskia hata mimi, pole sana..."

"Nani amekuambia?"

"Munyoki wa ofisini. Amenipigia, akasema tangaza."

"Na wewe ukatangaza. Ulimuuliza mtu mwingine? Namba yangu si unayo?"

"Wanza, nilidhani unajua. Na hata kama hajajitoa, kwani iko tofauti gani? Hesabu imekwisha, sweetie. Kila mtu anajua."

Wanza akatazama miguuni. Maji yalikuwa yamefurika mtungi wake, yanamlowesha raba.

"Phares, hata mimi walishanihesabu wakamaliza. Ukanikuta hivyo. Sasa endelea na hesabu yako, usinipigie tena."

Akakata. Ooko akapiga mara nyingi. Wanza akazima simu, akalia pale pale bombani bila kujificha, kisha akaosha uso, akaanza kubisha mlango mmoja baada ya mwingine. Wengine walimfungulia kwa huruma tu. Walimwamini yeye, lakini sauti ya spika waliiamini zaidi.

Ooko alilala vibaya. Kulipopambazuka alimpigia Munyoki, mtu wa mipango wa Kyule.

"Buda, ile habari ya Roseline ilitoka wapi?"

"Kwani wewe umekuwa polisi? Kazi yako ni kutangaza. Leo vaa shati safi, mheshimiwa anakuja."

Ooko akakata simu. Halafu akapanda bodaboda mpaka Mukuru kwa Reuben, maana ndiko Wanza aliwahi kumwambia Roseline angeanzia siku. Akamkuta. Alikuwa amesimama juu ya kreti la soda mahali vibarua wanapopita kwenda viwandani, koti limepigwa vumbi, sauti imemkauka kiasi kwamba walioko mbele walikuwa wakiwarudishia walioko nyuma maneno yake. Hakuwa amejitoa popote. Betri ya simu ndiyo iliyokuwa imekufa.

Ooko alijipenyeza mpaka mbele.

"Mama, mimi ndiye nilitangaza Kaloleni kwamba umejitoa."

Roseline akainama, akamtazama juu ya miwani.

"Kumbe ni wewe. Waliotoka huko wameniambia ni sauti nzuri sana." Akakohoa. "Mimi yangu imeisha, kijana. Nenda na yako."

Ooko alipofika Kaloleni jumba lilikuwa limejaa. Upande wa kulia, nyuma ya picha ya Kyule, mlolongo ulikuwa umejipinda mara mbili, kofia za kijani mpaka ukutani. Mzee Ndolo alikuwa humo, koti lake la kanisani limepigwa pasi. Kushoto picha ya Roseline ilikuwa juu ya kiti, na nyuma yake alisimama Wanza katika gauni lile lile jekundu, kidevu juu, na watu wachache sana nyuma yake. Mama Aloo, muuza samaki, ndiye aliyemfuata. Vijana wa kofia za kijani walikuwa wakiwarushia maganda ya njugu.

"Nyinyi mnangoja nini? Mtu wenu alienda!"

"Tunangoja kuhesabiwa!" Wanza akajibu.

Msimamizi alikuwa ameinua filimbi aanze. Ooko akapanda jukwaani alipokuwa akitarajiwa, Munyoki akampa maiki huku akimwashiria aharakishe.

"Kaloleni," Ooko akasema, na jumba likatulia, maana sauti hiyo walikuwa wameizoea. "Mnanijua. Nimezaliwa hapa nyuma ya shule. Jana niliwaambia Roseline Wafula amejitoa. Nilipewa uongo, nikaubeba mzima mzima, sikuuliza. Leo nimetoka kumwona na macho yangu. Ako Mukuru juu ya kreti, hana sauti, lakini hajajitoa! Aliyekuja hapa kwa sababu yangu, asimame upya kwa sababu yake mwenyewe!"

Munyoki akamnyang'anya maiki. Ooko akavua kofia ya kijani, akaiweka vizuri juu ya meza, akashuka. Watu walikuwa wameshaanza kusogea. Mwanamke mmoja akatoka kulia akavuka. Wakamfuata wawili, kisha familia nzima. Wengine wakatoka mbio kuita majirani waliobaki nyumbani, nao wakaja na aproni, na mikono ya unga, na mtoto mgongoni. Walimpita Ooko pande zote akiwa anaomba njia, na kila alipodhani amefika mkiani, mkia ulikuwa umesonga. Alipopata nafasi alikuwa nje kabisa ya mlango, juani, mtu wa mwisho.

Filimbi ikalia. Hesabu ikaanza.

Hakuweza kumwendea Wanza. Akitoka, kura imepotea, na hakuwa tayari kumpotezea hata moja. Kwa hiyo akamgusa begani aliyekuwa mbele yake, fundi wa viatu.

"Boss, nisaidie. Pitisha mbele: Ooko anasema amekosa, anamwomba Wanza amwie radhi."

Fundi akapitisha. Maneno yakaingia mlangoni, yakaenda bega kwa bega, watu wakitabasamu, mpaka yakamfikia Mama Aloo, naye akayatoa kwa sauti ya kuuzia samaki. Wanza hakugeuka. Jibu likarudi kwa njia ile ile, na fundi akalitoa kama alivyolipokea.

"Anasema amekuskia. Anasema bado amekasirika."

"Mwambie nimekubali nimeshindwa. Mwambie namuomba anioe, ama nimuoe, vile anataka yeye."

"Wewe!" fundi akasema, akageuka kumtazama. "Hii napitisha kweli?"

"Pitisha, mzee, kabla hawajafika hapa!"

Safari hii maneno yalikwenda kwa vigelegele. Yalivuka hata upande wa pili, yakaingia kwenye mlolongo wa Kyule, na kofia za kijani zote zikamgeukia Mzee Ndolo. Mzee akarekebisha kola ya koti.

"Huyo kijana aje nyumbani na mbuzi wa ntheo, aoe Kikamba kama watu wengine," akasema kwa sauti. "Mwanangu haombwi kwa laini. Na mimi kwa Kyule sitoki, msinitazame hivyo!"

Jumba lote likaangua kicheko, kulia na kushoto. Wanza ndipo akageuka. Hakumwona Ooko, watu walikuwa wengi mno kati yao, na kwa wingi huo machozi yakamtoka. Akamwambia Mama Aloo neno. Mama Aloo akaanza kulia pia, lakini akalipitisha.

Lilifika nje wakati msimamizi amekaribia kabisa. Fundi wa viatu akamshika Ooko mkono.

"Anasema ndiyo. Anasema usitoke kwenye laini mpaka uhesabiwe."

Msimamizi akamgusa bega, akasema namba yake kwa sauti, akafunga hesabu. Roseline alichukua Kaloleni kwa watu wachache tu, lakini aliichukua.

Jumatatu walipita Gikomba wakienda wadi ya pili, Wanza ameshika fremu upande mmoja, Ooko mwingine. Pikapu alishanyang'anywa, na kijana mwingine alikuwa juu yake na maiki ile ile.

"Oyaa, Ooko!" akamwita mbele ya soko zima. "Huyo mama wenu bado ako nyuma!"

Ooko hakuwa na spika. Alijaza kifua, na mpaka wauza samaki wa mwisho walimsikia.

"Ako nyuma, ndiyo! Geuka umwone anavyokuja!"

Kijana, bila kutaka, akageuka.