Mzee Kibuyu Aliacha Pombe, Wakamlewesha Tena

"Leteni nyingine! Dunia haijaisha!"

Hiyo ilikuwa sauti ya baba yangu mzazi... imelewa chakari.

Na baba yangu ana miaka minne hajagusa hata tone!!

Nilisimama mlangoni mwa studio, mkoba bado uko begani. Ndani Abdiel amejimwaga kwenye kiti chake cha kuzunguka, anacheka mpaka anashika tumbo. Kwenye kioo cha kompyuta Mzee Kibuyu anapepesuka, anamtukana mkewe, anaangukia mtaroni.

"Abdiel! Nini hicho?"

Akageuka. Wala hakushtuka.

"Ooh, dada Naserian. Sehemu mpya hiyo. Mzee amerudi!"

Ngojeni niwaeleze, maana humu kuna mliokua na hii katuni na kuna ambao hamuijui kabisa.

Mwaka 2013 mimi na Abdiel tulianza katuni ya kuchekesha kwenye chumba kimoja mtaani Kwa Mrombo, juu ya duka la mbegu. Ya Mzee Kibuyu, mlevi wa kijijini, na familia yake. Kila Alhamisi sehemu mpya. Abdiel anachora, na kampuni ni yake. Mimi naandika hadithi na kutunza kumbukumbu zote: nani alisema nini, nani ana kovu wapi, nani ana ugomvi na nani.

Sauti ya Kibuyu ni ya baba yangu, Mzee Yoeli Koikai wa Kisongo, kijijini kwetu; kila Jumanne nilikuwa namfuata huko kumrekodi. Mfugaji, mkulima wa mahindi na maharage, na siku hizo... mlevi kweli kweli.

Sasa, kumbukumbu nilikuwa natunza lakini hazikuwa na kazi, kwa sababu kwenye katuni yetu hakuna kilichokuwa kinabadilika! Kibuyu akivunjika mguu Alhamisi hii, Alhamisi ijayo anacheza ngoma. Binti yake alianza akiwa darasa la tatu, miaka saba baadaye bado yuko darasa la tatu! Ng'ombe wao mmoja alikufa mara nne. Watu walitusema kwenye komenti, Abdiel anacheka tu.

"Katuni ni katuni," alikuwa anasema. "Mtu anataka amkute Kibuyu palepale alipomwacha."

Halafu mama yangu akafariki. Presha.

Sitawaficha, nilimchukia baba. Nilimwambia usoni, msiba haujaisha: "Pombe yako ndiyo imemuua mama." Akachukua kofia yake, akatoka nje.

Mwaka uliofuata akaacha. Akaenda mwenyewe kwa mchungaji, akafundishwa miezi saba, akasimama mbele ya usharika wote akarudishwa kundini. Na akasema kitu ambacho Kisongo nzima inakijua: "Hata kwa kuigiza, mdomo wangu hautalewa tena."

Mimi ningefanyaje? Nikamwachisha na Kibuyu.

Sikumwachisha kwa siku moja, hapana. Msimu mzima, baba akitoa sauti bila kuigiza ulevi. Alitetemeka, alidanganya, alificha chupa kwenye debe la pumba, akaanguka, akaanza upya. Kovu alilopata likabaki usoni. Mkewe akachukua muda kumwamini. Binti akaingia darasa la nne, jamani, watu walilia! Wanawake wakaniandikia kutoka Terrat mpaka Kigoma: dada, mume wangu anaangalia na mimi, anaona aibu.

Watazamaji walipungua. Siwadanganyi, walipungua. Abdiel akavimba miaka minne.

Turudi pale mlangoni.

"Sauti umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Kwako."

"Kwangu wapi?"

Akanionyesha kwa kidole. Mafaili yangu mwenyewe! Kila sentensi ya baba tangu tuanze nilikuwa nimeihifadhi na kuipa jina, ili tusijichanganye: *kalewa anacheka*, *kalewa anatukana*, *kalewa analia*. Abdiel ameokota moja moja, ameunga, ametengeneza sehemu nzima.

"Ulipanga vizuri mno," akasema. "Kazi ya nusu siku tu. Asante."

Nikawaka!

"Futa!"

"Sifuti."

"Abdiel, Jumapili baba anaingizwa kazini kuwa mzee wa kanisa. Unalijua hilo!"

"Hongera zake."

"Watu wakisikia hiyo watasema amerudia pombe! Umeandika kwenye tangazo 'sauti ileile, mzee mwenyewe amerudi'!"

"Si ni sauti yake? Nimedanganya wapi?"

"Wewe mtu una roho gani?"

Akasimama. Miwani akaiweka mezani, taratibu.

"Nikwambie kitu, dada. Miaka minne umenigeuzia katuni yangu mahubiri. Mzee anakunywa uji! Nani anacheka na uji? Watu wamechoka na kazi zao, wana shida zao, wanataka mtu mmoja duniani asiyebadilika. Ulikuwa huna haki ya kuwanyang'anya."

"Na baba yangu?"

"Baba yako siyo Kibuyu. Kibuyu ni wangu."

Nikamsonya mpaka mate yakatoka. Nikamwita shetani mwenye miwani. Akafungua mlango, akanionyesha ngazi.

Kesho yake Alhamisi, saa nne asubuhi, akairusha.

Mpaka mchana ilikuwa imeshafika kila simu ya Kisongo. "Kibuyu wetu karudi!" Vicheko vya kufa mtu. Na chini yake mtu mmoja akaandika: *Kumbe Mzee Koikai alikuwa anatuzuga na Biblia?* Majibu mia mbili. Nilisoma yote, msiniulize kwa nini.

Jioni baba akanipigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimeitwa kwenye baraza la kanisa kesho saa tisa. Wazee wanataka kujua nimerekodi lini."

"Umewaambia hujarekodi?"

"Nimewaambia. Mzee Lemomo amesema sauti haina pacha."

"Baba, tulia. Nakuja na ushahidi. Nitawafunga midomo wote!"



"Ushahidi gani?"

"Rekodi zenyewe! Zile mbichi, ambazo hazijakatwa. Zina tarehe."

Nikamsikia anavuta kiti, anakaa.

"Siyo lazima uje, Naserian."

Mimi nikadhani anaogopa aibu. Kumbe! Ningekuwa na akili ningemsikiliza. Ila nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa tamu.

Niwaeleze, kwenye kazi yetu kuna utaratibu. Kabla mtu hajasema neno, mtunza kumbukumbu anabonyeza rekodi na kutaja sehemu na tarehe. Kila mara, bila kukosa. Nilikuwa nazo zote kwenye diski nyumbani. Nikatafuta ile yenye "Dunia haijaisha", nikasikiliza sekunde kumi za mwanzo, nikasikia tarehe, nikafunga kompyuta. Nimemaliza! Nikalala kama mtu aliyeshinda kesi.

Ijumaa saa tisa. Ofisi ya usharika, wazee saba mezani, Mchungaji Solomoni katikati. Baba amekaa peke yake upande wa pili na koti lake la kahawia, mikono juu ya magoti.

Mzee Lemomo hakusubiri hata sala ipoe.

"Yoeli, tulikupokea kwa machozi hapa. Leo wajukuu zangu wanaimba matusi yako. Umetufanya wajinga!"

"Sijarekodi," baba akasema.

"Mdomo ni wako au siyo wako?"

Nikasimama. Sikuomba hata nafasi.

"Shikamooni wazee. Samahani, huyu mzee anaonewa! Kuna mtu mmoja mjini hana haya, ameiba sauti ya zamani. Nimekuja nayo. Sikilizeni kwa masikio yenu, halafu mumwombe baba yangu msamaha!"

Nikaweka kompyuta mezani, nikaunga spika, nikapandisha sauti mpaka mwisho. Nikabonyeza.

Sauti yangu ikajaa chumba.

*"Kibuyu, sehemu ya mia na hamsini. Tarehe tisa Agosti, elfu mbili na kumi na sita."*

Wazee wakaangaliana. Elfu mbili na kumi na sita! Baba alikuwa hata hajafikiria kuacha. Mzee Lemomo akainamisha macho, mmoja pembeni akasema "Bwana asifiwe." Nikamtazama Lemomo kwa dharau ambayo sikuificha.

Nikanyoosha mkono nizime.

"Acha kidogo," Mchungaji akasema. "Tusikie na maneno yenyewe, ili pasiwe na wa kusema tena."

"Sawa kabisa, Mchungaji! Sikieni!"

Nikakunja mikono kifuani, ndugu zangu. Kwa maringo.

*"Leo sitaki, Naserian."* Sauti ya baba. Kavu. Mzima kabisa.

*"Hutaki nini tena?"* Sauti yangu.

*"Kunywa. Mama yako alilia jana. Nimemwahidi."*

Mzee Lemomo akainua macho.

*"Baba jamani, chupa mbili tu! Ukiwa mkavu Kibuyu hachekeshi. Jana tumerekodi ukiwa mkavu, Abdiel kaitupa yote."*

*"Niigize tu, mwanangu. Naweza."*

*"Huwezi. Inasikika. Shika hii... mama sitamwambia."*

Pa! Kifuniko.

Nikarukia kompyuta. Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule, ikaendelea. Kuna mtu anameza. Halafu kicheko changu, kirefu, cha mtu mwenye furaha. Halafu nikasikika nikisema, *"Eeeh! Huyo sasa ndiye baba yangu!"*

*"Leteni nyingine! Dunia haijaisha!"*

Nikang'oa waya wa spika.

Lemomo alikuwa ananitazama mimi sasa. Wote saba wananitazama mimi.

"Ulikuwa unamnunulia wewe?" Mchungaji akauliza, polepole.

Nikataka kusema ni Abdiel. Nawaapia, jina lilishafika kwenye ulimi! Abdiel ndiye aliyetaka, Abdiel ndiye aliyetupa ile ya jana... Lakini Abdiel hajawahi kukanyaga Kisongo na chupa mkononi. Aliyekanyaga ni mimi, kila Jumanne, miaka saba.

"Ndiyo, Mchungaji."

"Na mama yako alijua?"

Baba akajibu yeye.

"Alijua. Alikuwa anaziona chupa. Aliniomba nisimseme mtoto, kwa sababu kazi yake ilikuwa inaanza kujulikana."

Mnaelewa?! Mama alijua! Na mimi nilisimama kwenye msiba wake nikamwambia baba *pombe yako ndiyo imemuua*!

Wazee hawakuchukua hata dakika tano. Baba akasafishwa, Jumapili iko palepale. Mzee Lemomo akazunguka meza, akamwomba radhi kwa kumshika mikono yote miwili.

Mimi hakuna aliyenisemesha.

Nilimfuata baba nje, karibu na tenki la maji. Alikuwa anafunga vifungo vya koti.

"Baba, kwa nini hukukataa tu? Ungekataa!"

"Nilikataa. Umesikia mwenyewe."

"Siku nyingine je?"

"Kila Jumanne nilikataa. Wewe ndiye ulikuwa unakata pale mwanzo, unabakiza pa kuchekesha." Hakuwa ameinua sauti. "Mpaka leo nilidhani unakumbuka."

"Sikukumbuka, baba. Naapa."

"Hilo ndilo baya zaidi, nakerai, mwanangu."

Nikainamisha kichwa mbele yake, vile mtoto wa Kimaasai anavyomwamkia mzazi ili amguse utosini. Nikasubiri. Nikaona viatu vyake, vumbi, pindo la suruali.

Mkono haukuja.

"Bado," akasema. Akaondoka kuelekea barabarani, mgongo umenyooka.

Usiulize kama nililia.

Njiani simu ikaingia meseji. Abdiel. Sijui nani alishampa habari: *Nasikia una rekodi ya hatari. Tuitumie? Hiyo ni dhahabu.* Nikamfungia, na Jumatatu nikapeleka barua ya kuacha kazi. Kibuyu anaendelea, ametafutiwa sauti nyingine. Binti yake wamemrudisha darasa la tatu.

Mimi nimekaa na ile diski wiki tatu, nasikiliza Jumanne moja baada ya nyingine. Kila moja, baada ya tarehe, baba anasema leo hapana. Ana maneno tofauti kila wiki. Mara tumbo, mara ng'ombe anazaa, mara Kwaresima. Na kila wiki mimi nina jibu lilelile.

Ndugu yangu unayesoma, miaka minne nilipigana na Abdiel ili mtu wa kuchorwa abadilike. Nilijiona mtetezi. Kumbe mimi ndiye niliyemshika baba palepale kwa miaka saba, kwa sababu akiwa vile ndipo mimi ninapopigiwa makofi. Ukimwona mtu wa kwenu habadiliki, kabla hujamfungulia mdomo, jiulize wewe unapata nini akibaki hivyo.

Jumapili ile baba aliingizwa kazini. Nilikaa benchi la mwisho. Alipita mlangoni akiwapa watu mkono mmoja mmoja, na mimi akanipa, kama mgeni yeyote. "Karibu tena," akasema.

Nimekwenda Jumapili mbili tangu hapo. Na hii nitakwenda.