Mke Mkubwa wa Boma la Zamani

Shati la Onesphore lilinuka polishi nyekundu ya sakafu. Vestina alilisogeza puani mara ya pili, hapo hapo kwenye beseni la kufulia, akahakikisha. Nyumba yao ya Kashaulili ilikuwa na sakafu ya saruji tupu, na ofisi mpya zilikuwa na vigae. Sasa mumewe alikuwa anapiga magoti kusugua sakafu ya nani?

Wivu ulimpanda. Vestina alikuwa na wivu wa kujulikana mtaa mzima, wala hakuuficha. Mke asiye na wivu ni mpangaji, ndivyo alivyokuwa akiwaambia wenzake sokoni.

"Ni kule bomani tu," Onesphore alisema wakati wa chakula. "Nakusanya historia yake. Wanataka pawe makumbusho."

Boma la zamani lilikuwa na kuta nene za enzi za wakoloni. Tangu ofisi zilipohamia jengo jipya, lilibakiwa na popo na viti vilivyovunjika. Onesphore alilipenda kupita kiasi. Kila siku alirudi na kipande cha habari zake na kukisimulia mpaka ugali ukapoa. Bwana shauri wa kwanza, Mwingereza, alikaa humo miaka mingi, lakini mkewe alirudi Ulaya kabla masika hayajaisha. Mkuu wa wilaya aliyekuja baada ya Uhuru naye mkewe alirudi kwao Namanyere bila hata kuaga. Mwingine hakuoa kabisa, na siku ya kustaafu alitolewa ofisini akilia.

"Na hao wanawake walikimbia nini?" Vestina aliuliza.

"Hawakulizoea boma." Onesphore alitabasamu peke yake. "Lina wenyewe wake."

Mama yake Onesphore, Bibi Annonciata, aliyekuwa amekuja kutoka Mwamkulu kutibiwa macho, aliacha kutafuna. "Mwanangu, nyumba inayofukuza wanawake ina mwanamke wake ndani."

Katika maneno yote hayo, Vestina alisikia neno moja tu: mwanamke.

Kesho yake, jua likiwa kali, alipanda bajaji hadi bomani. Alimkuta mumewe mlangoni anavua viatu. "Hodi," Onesphore aliita ndani ya jengo lisilo na mtu. Akangoja kidogo, kichwa kimeinama kwa adabu, kisha akaingia kama mtu aliyekaribishwa.

Vestina alinyata hadi dirishani. Korido ilikuwa imejaa vumbi na mavi ya popo, lakini chumba alichoingia mumewe kilikuwa kimepigwa polishi nyekundu hadi miguu ya meza ilionekana sakafuni kama kwenye kioo. Onesphore alifungua chupa ya chai aliyofungashiwa nyumbani, akamimina vikombe viwili, akaanza kuongea taratibu na kucheka. Kiti cha mbele yake kilikuwa kitupu. Ila chai ya kikombe cha pili ilikuwa inapungua, inashuka kidogo kidogo, na hakuna mkono uliokigusa.

Mwingine angekimbia. Vestina aliona chai yake, aliyoitia tangawizi asubuhi kwa mkono wake, inanywewa na mwanamke mwingine. Aliingia ndani kwa kishindo.

"Yuko wapi? Umemficha wapi huyo malaya wako?"

"Vestina, sema polepole," Onesphore alinong'ona, uso umempauka. "Tafadhali. Atakusikia."

"Anisikie!" Akageukia korido yenye giza, mkono kiunoni. "Wewe! Unajificha nini humu? Kama ni mwanamke kweli, njoo kwangu tuonane! Kashaulili, nyuma ya soko, nyumba yenye geti la bluu! Njoo!"

Popo walinyamaza. Kutoka mwisho wa korido ikaja sauti laini, ya mtu mzima, isiyo na hasira hata kidogo.

"Asante, mdogo wangu."

Vestina hakukumbuka alivyofika nyumbani. Jioni aligeuza ugali, akijiambia kwamba ni mwanamke tu, ni mchepuko tu wa mjini, na migebuka ilikuwa inaungua sufuriani lakini harufu iliyokuwa inapanda jikoni haikuwa ya samaki, ilikuwa ya polishi, ikipita chini ya mlango wa mbele na kutambaa ukutani, na kabla hajapata pumzi ya kumwonya mama mkwe, hodi ikabishwa, mara moja tu, kwa adabu.

"Karibu, mama, pita ndani," Bibi Annonciata aliitika, kama mtu yeyote anavyoitikia hodi. Akasogea kwenye mkeka kumpisha mgeni. "Pole na safari. Mbona mkono wako wa baridi hivi?"

Mkekani hapakuwa na mtu mwingine.

Kuanzia hapo, kila asubuhi Vestina alikuta nguo zake zimekunjwa vizuri ndani ya begi lake, na begi limewekwa mlangoni. Alizirudisha kabatini. Kesho yake begi lilikuwa mlangoni tena. Onesphore alianza kumwita "shemeji", halafu akawa hamwiti kabisa.

Aliogopa, ndiyo, lakini aliumia zaidi. Alimpenda mwanamume yule. Akaenda kwa Mzee Kasimu, aliyejulikana mjini kwa kupunga majini.

"Hilo ni jini mahaba," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Mchana anarudi kwake bomani. Tutamfungia huko huko. Lakini niambie kweli, mama. Nyumbani kwako kuna aliyemkaribisha? Jini aliyekaribishwa nyumba hafungiki kwingine."

Vestina alikumbuka geti la bluu alilolitaja kwa kinywa chake. Atasemaje kwamba ndiye aliyemwalika mke mwenzake? Aliona aibu.

"Hapana," alisema. "Amemfuata mume wangu tu."

Walikwenda bomani mchana pamoja na Onesphore. Mzee Kasimu alisoma dua chumba kwa chumba, akafukiza ubani, akapiga misumari kwenye kila mlango. Mwishoni alimsimamisha Onesphore kizingitini, akamwambia amtaje mkewe. Onesphore alitoka jasho. Akafumba macho.

"Vestina," alisema. "Mke wangu ni Vestina."

Harufu ya polishi ikakatika. Onesphore akamwangukia mkewe begani akilia na kuomba msamaha, naye Vestina akalia kwa furaha, maana mumewe alikuwa amelitaja jina lake mbele ya shahidi.

Walirudi kwa miguu, wameshikana mikono kama wachumba. Getini Onesphore alimtania kuhusu chai ya tangawizi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na Bibi Annonciata alisikika akicheka kama anayepiga soga na mtu.

"Hodi!" Vestina aliita kwa furaha.

Kicheko kilikoma. Harufu ya polishi, nzito kuliko siku zote, ikatoka chini ya mlango.

"Nani?" iliuliza ile sauti laini.

Mkono wa Onesphore ukamponyoka Vestina. Aliinama, akavua viatu, akavipanga vizuri pembeni. Mlango ulifunguka kiasi cha mtu mmoja kupita, naye akaingia bila kugeuka nyuma.

Mlango ukajifunga. Kizingitini palikuwa na begi lake, nguo zimekunjwa vizuri ndani. Vestina alisimama pale, mlangoni kwake mwenyewe.

"Hodi," alisema tena.