Mume Wangu Ndiye Aliyefaulu Mitihani ya Wanafunzi Wangu

Nina miaka thelathini na tisa, mama wa watoto watatu, na tangu mkasa huu unipate sijaweza kutia mukeke mdomoni. Ndiyo, mukeke, samaki wa ziwa letu la Tanganyika, ambaye kila mtoto wa Uvira amekua naye! Jirani akimkaanga, mimi nafunga dirisha. Wasomaji wenzangu, msinicheke kwanza... Nisikilizeni, halafu mniambie kama nyinyi mngekula.

Nilikuwa mwalimu wa biashara katika chuo kimoja cha hapa mjini. Sikupata kazi hiyo kwa kujuana. Mama yangu aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, pale Kalundu, bandarini, jua lake na mvua yake, ili mimi nisome. Kwa hiyo darasa nililiheshimu. Kwetu huku kuna ugonjwa unaojulikana: mwalimu anakuwa na mtu wake wa kumpokelea hongo, mwanafunzi anapitia kwa mtu huyo, na pointi zinatoka nzuri. Kila mtu anajua, kila mtu kimya. Mimi walimu wa namna hiyo niliwasema hadharani, tena bila kupunguza sauti. Walinichukia, na sikujali!

Sasa, mvua ikinyesha sana mto Mulongwe unajaa na njia zinakatika. Usalama ukiharibika, wanafunzi wa bonde la Ruzizi hawafiki. Nikajiuliza, kwa nini somo lisiwafuate kwenye simu zao? Nikaanza kurekodi masomo, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili: jinsi ya kutafuta bei ya kuuzia mali, jinsi ya kupanga hesabu za duka kwenye kompyuta. Mazoezi yalipita mtandaoni, mitihani pia.

Juu ya kazi hiyo nikaandika utafiti wangu. Je, wanafunzi wetu wanajua teknolojia kiasi gani, na ujuzi huo unakua vipi wakisoma hivi? Utafiti huo ndio ungenipandisha cheo. Niliulea kama mtoto wa nne.

Mume wangu, Papa Neema, alikuwa na sekretaria pale mtaa wa Mulongwe, yaani kile kijumba cha kuandikisha barua, kutoa fotokopi na kuchaji simu. Alikuwa na umeme wa jua na mtandao mzuri. Akaniambia, "Mama Neema, leta kazi yako hapa. Mashini iko, mtandao iko, weye unahangaika na nini?"

Nililia kwa furaha. Wanawake wangapi wana mume anayewasaidia kusoma? Nilimsifu kanisani, nilimsifu sokoni, nilimsifu kwa mama yangu... Jamani, nilimsifu!

Basi kila kitu nikakiweka kwenye kompyuta yake: masomo, maswali ya mitihani, na majibu yake. Wanafunzi wasio na umeme nyumbani niliwaelekeza kwake, awape nafasi ya kufanyia kazi.

Matokeo yalipoanza kutoka, sikuamini macho yangu. Watoto ambao mwanzoni walikuwa hawajui hata kuwasha kompyuta, sasa walikuwa wanapanga hesabu safi kabisa! Nikaandika kwenye utafiti wangu kwamba ujuzi umepanda. Niliandika kwa moyo wote.

Wakati huohuo akina mama wakaanza kuja nyumbani. Huyu na mikeke mibichi, yule na ndagala, mwingine na kuku. "Aksanti sana, Madame, weye na Papa Neema." Kwetu mzazi akimletea mwalimu wa mtoto wake kitu cha kula, kukirudisha ni matusi. Humuulizi cha nini. Unapokea kwa mikono miwili, unashukuru. Papa Neema alikuwa anacheka, "Mama Neema, kaanga! Watoto wana njaa." Nami nilikaanga, tukala, watoto wakalamba vidole.

Katika darasa langu kulikuwa na msichana mmoja, Speciose, mtoto wa wakulima wa bondeni. Mpole, rozari shingoni, sauti ya kunong'ona. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza katika mitihani yote. Siku moja mama yake alikuja na mchele kichwani, mfuko mzima. Nilimkaribisha kiti, akakataa. Aliniangalia kwa woga, akaondoka haraka. Nikasema moyoni, maskini, anaona haya mbele ya mwalimu. Mjinga mimi!

Siku ya kuonyesha utafiti wangu ikafika. Mkurugenzi wa chuo alialika walimu wa vyuo vingine, darasa langu nalo likaja, ukumbi ukajaa asubuhi ile. Papa Neema alikaa mstari wa mbele, amevaa suti niliyoipiga pasi mimi mwenyewe. Niliongea vizuri. Walipiga makofi.

Ndipo profesa mmoja mzee akauliza kwa upole kama wanaweza kumwona mwanafunzi mmoja akifanya kazi mbele yao. Mimi nilifurahi! Nikamwita Speciose, wa kwanza wangu.

Nilimpa kitu chepesi: mwenye duka amenunua sabuni, amelipa na usafiri, atauza kila mche kwa bei gani? Aweke kwenye kompyuta. Basi. Speciose akakaa. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, ukurasa ukajifunga. Nikamwinamia, nikamkumbusha kwamba zoezi kama lile alilifanya vizuri sana kwenye mtihani.

Hakuniangalia mimi. Alimwangalia Papa Neema. Kisha akaanza kulia.

"Madame, minye sijuwi! Sijagusa hii mashini hata siku moja. Papa Neema ndiye alikuwa anafanya, minye nilikuwa ninangojea inje. Alituambia ni weye ulimutuma... Mama alikuletea muchele. Si ulipokea?"

Si ulipokea? Nilipokea, ndugu zangu. Nilipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikapika!

Mkurugenzi akawageukia wanafunzi wengine, akauliza kama ni kweli. Mmoja akasimama, akakubali. Kisha mwingine. Kisha safu nzima. Wote walimlipa mume wangu awafanyie, na wote waliamini mimi ndiye bosi wake. Mwaka mzima nilikuwa ninawahubiria juu ya uaminifu, nao walikuwa wananitazama huku wanatabasamu. Mimi nilidhani ni upendo! Kumbe walikuwa wananiona mnafiki anayehubiri huku shavu limejaa samaki wao.

Nikamgeukia mume wangu. Mnadhani aliinamisha kichwa? Alikuwa anaangalia simu yake!

Nilimkuta nyumbani mchana, anakula. Anakula! Nikamuuliza kwa nini ameniua. Akajibu huku anatoa mwiba katikati ya meno.

"Kelele ya nini, Mama Neema? Walimu wote wanakula. Weye na ukweli wako, ulizani hii nyumba iko inasimama na mushahara gani? Batoto walifaulu. Nani alikufa?"

Nikamuuliza tena, basi kwa nini walikuwa wanaleta vyakula kwangu? Kwa nini hakuvipokea kule kwake? Hapo akacheka. Akasema wanafunzi wa mwanzo walikuwa na mashaka, walitaka kuwa na hakika kwamba Madame yumo. Kwa hiyo aliwaambia, pelekeni kitu nyumbani. Madame akipokea, mujue iko sawa.

Mnaona uchafu huo? Alijua desturi yetu. Alijua siwezi kumrudisha mama wa watu na kapu lake mlangoni. Mikono yangu, hii hii aliyoilea mama kwa ndagala, ndiyo aliyoifanya muhuri wa wizi wake! Mafuta ya samaki yaling'aa kwenye mdomo wake... Nilitoka nje nikatapika mpaka nikashika ukuta. Mtu huyo nilikuwa ninalala naye kitanda kimoja. Ptu!

Utafiti wangu ulitupwa. Chuo kiliniondoa, na mitihani ya darasa zima ikafutwa. Nilijaribu kujieleza, lakini nani angeniamini? Mashahidi walikuwa wanasema walichokiona: nilipokea. Sokoni walinipa jina, "Madame wa mikeke." Wakubwa wa familia wakaja kuniambia nisamehe, mwanaume ni mwanaume, kwanza aliiba kwa ajili ya watoto. Niliwasikiliza, nikawapa maji ya kunywa, nikafunga mizigo. Nikarudi Kalundu kwa mama yangu pamoja na wanangu. Afadhali harufu ya ndagala kuliko harufu ya mtu yule!

Lakini kulikuwa na jambo moja lililonikosesha usingizi. Speciose. Alikuwa amerudi bondeni, hana mwaka, hana pointi, hana hata ule ujuzi niliouandika kwa mbwembwe kwenye utafiti wangu.

Nikaenda kwao. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Mama yake alikuwa shambani, akaja anafuta mikono. Nilipiga magoti, nikamweleza yote, kwamba sikujua, kwamba nilidhani ni zawadi tu. Aliniinua. Kisha akaniuliza, bila hasira yoyote:

"Ule muchele, Madame, ulikuwa muzuri?"

Nikajibu ndiyo, huku nalia.

"Ni vizuri," akasema. "Tulitwanga ule mupunga wa mbegu. Hatukuwa na mwingine."

Nikageuka kuangalia shamba nyuma yake. Lilikuwa majani matupu.

Siku hizi Speciose anakaa na sisi Kalundu. Nina kompyuta yangu kuukuu, tunaiweka juu ya meza mama anapomaliza kupanga ndagala zake. Sina chuo wala cheo, lakini ninamfundisha. Juzi alitafuta bei ya ile sabuni peke yake. Alikosea, akafuta, akarudia, ilimchukua asubuhi nzima, na mimi sikugusa kitu. Alipopata jibu aliruka, akaenda kumwonyesha mama yangu, ambaye hajui kusoma.

Ndugu msomaji, kama wewe ni mwanafunzi, usikubali mtu akufanyie. Siku utakapoitwa mbele, yeye atakuwa anaangalia simu yake. Kama ni mwalimu, kazi yako usiiweke mkononi mwa mtu kwa sababu tu mnalala nyumba moja. Kaa na mwanafunzi wako, uone vidole vyake vinavyofanya kazi.

Na kama mzazi atakuja mlangoni kwako na kapu, mkaribishe, mpe kiti. Halafu muulize: mama, hiki ni cha nini, na nyumbani mmebaki na nini? Ataona ni matusi. Muulize tu! Mimi sikuuliza, nikala mbegu za watu.